Uzio wa Sebahire

Sebahire aliishi majini muda mrefu kuliko nchi kavu, na hilo ndilo lililomletea taabu alipotaka kuoa.

Alikuwa baharia wa mashua ya mizigo, moja ya zile zilizokuwa zikibeba kahawa, chumvi na saruji kati ya Gisenyi na Bukavu, miaka ile ya hamsini na kitu, wakati wa Wabeleji. Kazi yake ilikuwa kamba. Kuifunga, kuifungua, kuikunja, kuirusha gatini mashua inapokaribia. Wenzake walikuwa wakisema kwamba Sebahire akirusha kamba, hata uwe umelala pale gatini unakoroma, itashika nguzo na wewe itakuacha na usingizi wako. Mtu mrefu, maneno machache. Akifurahi, mabega ndiyo yaliyoanza kucheka, mdomo ukafuata baadaye. Ujana wake wote aliulaza juu ya magunia. Mvi zilipoanza kumchungulia pembeni mwa masikio ndipo akakumbuka kwamba binadamu huwa na nyumba.

Akajenga. Kijumba cha udongo cha vyumba viwili, upande wa Rubavu, penye ile ardhi nyeusi ya mawe ya volkano, kando kabisa ya njia ambayo wanawake wa Busasamana hushukia na mizigo yao kwenda soko la mjini. Kiwanja kilikuwa wazi pande zote. Yeye hakuona ubaya. Mtu aliyezoea kulala mashuani, ziwa zima likimtazama, uwazi haumsumbui.

Na ni uwazi huo uliomletea Mukankusi. Siku moja Sebahire alikuwa ameitandaza kamba ya mashua ikauke, kutoka kwenye mwimo wa mlango hadi kwenye mti wa ng'ambo ya njia, bila kufikiri kwamba njia ni ya watu. Akaja binti mmoja na kikapu cha njegere kichwani, akafika kwenye kamba, akasimama. Kuinama hawezi, njegere zitamwagika. Kuruka ndiyo kabisa.

"Wewe mwenye kamba," akaita, "hapa unavua samaki au unavua watu?"

Sebahire akatoka mbio kuilegeza, mabega yameshaanza kucheka. Binti naye alitaka kucheka, akajizuia kwa ajili ya kikapu. Siku ya soko iliyofuata kamba ilikuwa pale pale tena, na safari hii Sebahire hakuwa amesahau kitu.

Wazee wa ukoo wake wakapanda Busasamana kuposa. Mzee Munyaneza, baba wa binti, aliwapokea vizuri, akawapa pombe ya mtama, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta midomo, akasema:

"Kijana wenu simkatai, ingawa huo ujana wenyewe kaubakiza kidogo. Ninachokikataa ni nyumba yake. Nimepita pale. Iko wazi kama kiganja cha mkono. Mwali atafichwa wapi? Akiketi kula, kila mwenye viazi kichwani atamtazama mdomoni. Nataka uzio."

Hayakuwa maneno ya kiburi hayo. Kwao bibi arusi hukaa ndani majuma kadhaa baada ya arusi. Wapita njia hawamwoni, hashiki jembe wala ufagio, mpaka wanawake wa kwao waje na vikapu vyao kumtoa rasmi. Na mtu mzima, awe mwali au asiwe, hali chakula mbele ya macho ya watu. Nyumba isiyo na uzio ni nyumba ya kula kwa kuibia.

"Tutamsimikia matete," mzee mmoja akasema.

"Matete makavu ni chakula cha mbuzi."

"Basi mawe. Kule Rubavu mawe hayanunuliwi."

"Mawe hayana mizizi," Munyaneza akajibu. "Yule ni mtu wa majini. Leo yuko Kibuye, kesho yuko Bukavu. Nataka nione kitu chake kimoja kilichoshika ardhi. Arusi iwe baada ya mavuno, mwezi wa saba. Uzio usiposimama, kuna mtu wa huku huku juu, ana ng'ombe wake, naye anaulizia."

Wazee wakashuka na jibu hilo, wakamkuta Sebahire gatini anakunja kamba. Alipolisikia, alizikunja kamba zote, akazikunjua, akazikunja tena. Uzio unaojulikana na kila mtu ni wa miyenzi, ule mmea wa vijiti vya kijani unaotoa maziwa ukiuvunja. Ukichomeka kijiti kinashika. Lakini mpaka kikue kimfiche mtu aliyesimama, miaka inapita, na katika miaka hiyo Mukankusi angekuwa amekwisha kumzalia watoto mwenye ng'ombe.

Alikuwa na binamu yake, Bizimana, mtunza bustani kule Nengo, kwa Wazungu wenye nyumba inayotazama ziwa. Jumapili moja akaenda kumweleza shida yake. Bizimana alikuwa mtu wa kujiamini, mwenye kuvaa kofia ya Mzungu wake hata siku ambayo hakuna jua.

"Miyenzi ya nini?" akasema. "Mi niko na kitu. Kwa Madame iko maua moja ya rangi ya chungwa, inapanda juu kupita mahindi. Miezi tatu tu, inakupita kichwa. Na wewe uko murefu."

"Maua?"

"Maua, ndiyo. Lakini shina yake nene, majani yake mapana, inafungana. Mutu wa huku hamuoni mutu wa kule."

"Inakaa? Haifi?"

Bizimana akaigeuza kofia kichwani. "Unajua ile ya njano ya kando ya barabara, ile chungu? Ile ukikata tawi ukichomeka tu, inashika, hata uichome moto inarudi?"

"Naijua."

"Hii ni ndugu yake. Angalia majani. Baba moja, mama moja."

"Basi nipe matawi nikachomeke."

"Hapana, hii tunapanda mbegu. Kila mwaka Madame anasema tung'oe yote, tupande upya."

"Mng'oe kitu kizima? Kwa nini?"

"Bon, sasa unauliza mi? Wazungu hawatuliake. Leo maua iko hapa, kesho iko kule. Wakikaa na kitu mwaka moja, wanachoka."

Jibu hilo lilimtosha Sebahire. Alikwisha kuwabeba Wazungu mashuani na masanduku yao, akawaona wanavyohama kutoka kwenye jua kwenda kivulini na kutoka kivulini kwenda kwenye jua safari nzima, na kila walipohama kiti nacho kikahama. Watu wa namna hiyo wangeshindwaje kung'oa maua mazima? Akapokea mbegu zilizofungwa kwenye jani la mgomba, akaondoka na furaha yake.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, akalima mstari kuzunguka kiwanja chote, akachambua mawe, akachanganya samadi, akapanda. Kisha akaondoka na mashua.

Jirani yake alikuwa Faradji, fundi cherehani, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alikuja na biashara akabaki. Faradji alishona barazani kwake, mguu kwenye cherehani, macho njiani, na hapakuwa na kitu kilichopita pale bila kupewa neno.

"Jirani," alimwambia Sebahire aliporudi, "iko kitu inaota kwako. Umepanda mboga ya kuzunguka nyumba?"

"Ni uzio."

"Uzio!" Faradji akasimamisha gurudumu la cherehani. "Hii yenye kufika kwa kisigino? Donc bibi arusi iko mufupi namna gani?"

Safari iliyofuata Sebahire alikuta mimea imefika magotini. Kisha kiunoni. Kwa kuwa alikuwa akiondoka na kurudi, hakuiona ikikua. Kila aliporudi aliikuta imeshapanda ngazi nyingine bila yeye kuwapo. Mashina yalikuwa na manyoya laini kama sikio la ndama. Majani yakakutana, yakafungana, na siku moja Sebahire akasimama katikati ya kiwanja chake mwenyewe akagundua kwamba njia haioni. Sauti za wanawake wa sokoni alizisikia, wanacheka, wanabishana, lakini watu wenyewe hawapo. Alikaa pale muda mrefu bila kazi yoyote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kuwa mahali ambapo hakuna anayemtazama.

"Jirani!" Faradji alimwita kutoka ng'ambo. "Uko ndani? Mi nimezoea kukuona ukikuna tumbo asubuhi. Sasa nitaangalia nini?"

Mwezi wa tano uzio ukachanua, ukachanua kwelikweli. Maua ya rangi ya chungwa lililoiva, kila moja limesimama peke yake juu ya kikonyo kilichovimba kama koo la mwimbaji, mamia juu ya mamia, kuanzia kwenye kona inayotazama mti hadi barazani kwa Faradji. Nyuki wakaja, vipepeo wakaja, na watu wakaja. Wanawake wa Busasamana walitua mizigo yao kuangalia. Gari la Mzungu lilisimama, akashuka mama mmoja wa Kizungu, akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha, akapanda tena. Sebahire aliingiwa na wasiwasi: uzio aliupanda kufukuza macho, na sasa unayaita. Lakini alipochunguza akaona kwamba macho yote yanaishia kwenye maua. Hakuna aliyefikiri kutazama nyuma yake. Mabega yake yakacheka yenyewe.

Ndipo akashuka shangazi.

Mukamazimpaka alikuwa dada mkubwa wa Munyaneza. Katika mambo ya arusi shangazi wa binti ndiye jicho la ukoo, na jicho la huyu lilikuwa kali hata katika mambo yasiyo ya arusi. Alikuja na fimbo yake, hakusalimia mpaka alipouzunguka uzio wote. Akainama, akachungulia. Akasimama, akachungulia. Kisha akamwita Faradji aliyekuwa anajifanya anashona.

"Wewe wa kofia nyekundu. Ingia ndani, tembea."

"Mi, mama? Mi si bwana arusi."

"Nimesema utembee, sikusema uoe."

Faradji akaingia, akatembea. Shangazi akatembea naye upande wa nje, wakilingana hatua, yeye akikodoa macho kati ya majani.

"Uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako kabisa!"

"Kula kitu."

"Sina kitu, mama!"

"Basi jifanye unakula." Akachungulia tena. "Sioni mdomo. Sioni hata kofia. Toka."

Akashika shina moja kwa mikono yote miwili, akalivuta kwa nguvu. Halikutoka. Akalivuta la pili. Akageuka kwa Sebahire ambaye alikuwa amesimama umbali wa heshima, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupimwa urefu.

"Rangi yake inaumiza macho," akasema. "Lakini mimi nimezaliwa ndani ya uzio, nimeolewa ndani ya uzio, na nyua nazijua. Huu ni uzio. Na mizizi unayo."

Akapanda Busasamana, na njia nzima alilitangaza. Aliwaambia waliokuwa wanashuka na waliokuwa wanapanda. Alimwambia kaka yake mbele ya watu wa mtaa wote wa juu. Jumapili, baada ya misa, alimwambia hata padri. Mtu wa ng'ombe akaacha kuulizia.

Arusi ikawa, pombe ikanyweka, Mukankusi akaletwa amefunikwa, akaingizwa ndani ya uzio wa maua. Nyiramana, dada yake Sebahire, alikuja kukaa nao ili ampikie mwali na kumtekea maji siku ambazo bwana arusi yuko safarini. Zile siku za kwanza zilikuwa nzuri kupita kiasi. Jua la alasiri lilipopita kwenye maua, kiwanja chote kiligeuka rangi, na kuta za udongo, na mikono ya Mukankusi aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akila viazi bila haraka, kwa kinywa chake chote. Sebahire alikula kando yake. Akiwa Kibuye au Bukavu, alirusha kamba huku anafikiria hicho tu: mkeka, na mtu anayekula bila haraka.

Kisha upepo mkavu wa kiangazi ukaanza kuvuma.

Majani ya chini yalikuwa ya kwanza kuwa meusi. Sebahire alidhani ni kiu, akabeba maji ya ziwani kwa ndoo mpaka mabega yakachubuka. Safari iliyofuata akakuta weusi umefika kiunoni. Maua yakaanguka, yakabaki vichwa vya kahawia vyenye miiba. Mwanga ukaanza kupenya chini, halafu katikati, halafu njia ikaonekana, miguu kwanza. Na Faradji, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimsalimia tu akaendelea kushona. Hapo ndipo Sebahire alipoogopa.

Akaenda Nengo mbio. Bizimana alikuwa anafagia majani.

"Binamu, uzio wangu unakauka."

"Haiwezekani. Kwa Madame haijakauka hata siku moja."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Haina nafasi ya kukauka. Maua ikianza kupungua tu, tunang'oa."

Wakatazamana. Bizimana akavua kofia polepole, akaishika kifuani kama mtu aliye msibani.

"Bon," akasema. "Mi nilizania Madame ameichoka."

Sebahire alirudi nyumbani akijua kila kitu. Wanawake wa Busasamana walikuwa wametuma habari: Jumamosi wanakuja kumtoa mwali, shangazi akiwa mbele. Wangekuta nini? Mwali ameketi nyuma ya vijiti kama kuku kwenye tenga, na njia nzima inamwona. Kwa aibu ya namna hiyo ukoo unaweza kumwambia binti yao achukue mkeka wake apande nao, na hakuna mtu ambaye angewalaumu.

Akaingia ndani, akaketi karibu na mlango. Mukankusi alimtazama.

"Umeambiwa nini huko?"

"Nimeambiwa umekufa."

"Nani?"

"Uzio."

"Aa, huo!" Mukankusi akasema. "Hilo nalijua tangu majuma mawili."

"Unalijua?"

"Mimi ni mtoto wa mkulima, Sebahire. Kitu kinachotoa mbegu nyingi namna ile kinaaga. Maharage yanafanya hivyo, njegere zinafanya hivyo. Wewe umetupandia njegere za kimo cha mtu." Akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa nguo, maana mwali hapaswi kusikika njiani. "Nilikuwa nakutazama unavyobeba maji. Nikasema nikimwambia ataumia. Tena unavyobeba maji unapendeza."

Sebahire hakuweza kucheka. Alisema ameshafikiri la kufanya: kesho atakata matete mabichi kando ya ziwa, atayafunga kwenye vijiti kuzunguka kote, yawe ya kijani, shangazi akija aone kijani.

"Hapana," Mukankusi akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Shangazi yangu amefunga nyua kabla wewe hujazaliwa. Atayaona matete yako akiwa bado kwenye kilima. Na hapo wewe ndiye utakuwa umedanganya. Uache ulivyo."

"Niuache? Na wewe je? Wakikuchukua?"

"Nani aliusifu uzio huu mbele ya watu wote?"

"Yeye."

"Nani alimwambia hata padri?"

"Yeye."

"Basi usiseme kitu. Usiombe radhi, usieleze. Mwache aanze yeye."

Ijumaa Faradji alikuja bila kuitwa, akiwa na shuka za wateja na maturubai ya kukodi, akayatundika upande wa njia. "Ya kufichia mwali mpaka kesho," alisema. "Lakini jirani, iko hapo gauni ya mke wa kapita, ule musimamizi wa barabara. Ikichafuka, mi na wewe tutahamia Kongo."

Jumamosi wakaja. Vikapu vichwani, nguo safi, wimbo wa kupokezana kilima kizima. Shangazi mbele na fimbo. Walipofika kwenye mti wimbo ukaanza kupungua, sauti moja moja, mpaka ukabaki mmoja wa nyuma kabisa ambaye alikuwa hajaona, naye akanyamaza.

Sebahire alisimama mlangoni mwa uzio. Hakusema kitu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na alikwisha kuvuka ziwa katika dhoruba.

Mukamazimpaka akauzunguka uzio, kama siku ile. Akashika shina kavu, likavunjika, tap. Akalitazama mkononi mwake. Nyuma yake mwanamke mmoja kijana akashindwa kujizuia, akacheka puani.

Shangazi akageuka.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, mama."

"Mtama ukikauka shambani kwenu mnasema umekufa?"

"Hapana, mama."

"Mnasema nini?"

"Tunasema... umekomaa."

"Basi?" Akapiga fimbo chini. "Huu uzio umekomaa. Au kwenu mna desturi ya kuacha mavuno yaliwe na ndege? Leteni nyungo! Huyo mwali atoke, kazi yake ya kwanza ni hii hapa."

Kwa desturi mwali anayetolewa hupewa ufagio kidogo, jembe kidogo, ili ionekane kwamba sasa ni mwenye nyumba. Mukankusi alitoka, uso umeinama kama inavyopasa, akapewa ungo. Akaanza kuvuna uzio wake. Wanawake wote wakaingia kazini, vikapu vikawekwa chini, wimbo ukarudi, safari hii wimbo wa kuvuna. Vichwa vya miiba vilipigwa, mbegu zikaruka, ndege aina ya shore wakaja kwa makundi kugombea. Faradji akaliokoa lile gauni mapema.

Katikati ya kelele hizo shangazi alimsogelea Sebahire, akasimama ubavuni kwake bila kumtazama.

"Mkwe, umenifanya nini?"

"Shangazi, sikujua."

"Hata mimi. Nyamaza." Akakohoa. "Padri alitaka nimletee mbegu."

Sebahire akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo, kwa sababu mabega yalikuwa yanataka kumwaibisha.

Wanawake walirudi Busasamana jioni hiyo. Shangazi hakurudi. Alisema hatarudi kwa kaka yake na habari za vijiti. Ataondoka siku uzio utakapokuwa umechomoza ardhini, wa kijani, aweze kumjibu bila kukunja uso. Akaamuru vijiti vya miyenzi viletwe kutoka kwenye uzio wa Munyaneza mwenyewe, akavichomeka kwa mkono wake kuzunguka upande wa ndani. Mbegu akaziweka kwa ajili ya upande wa nje. "Yale ya rangi yatawakinga hawa wadogo mpaka wakue," alisema. "Yakikomaa, mnapanda tena. Mnapanda, mnavuna, mnapanda, mpaka miyenzi iwapite vichwa. Si kazi kubwa. Watu wanalima mtama miaka yote na hawalii."

Ilikuwa nyumba yenye watu sasa. Sebahire, kwa heshima ya ukwe, hakuweza kula mbele ya shangazi, wala shangazi mbele yake. Na shangazi ndiye aliyekuwa amekalia mkeka. Basi baharia alikula barazani kwa Faradji, amegeukia ukuta, huku Faradji akimwambia kwamba ameona watu wengi waliooa lakini huyu ndiye wa kwanza kufukuzwa na uzio uliokufa. Sebahire alitafuna akicheka. Mke wake alikuwa ng'ambo pale, anapepeta, anabishana na shangazi yake juu ya wapi paanzie mstari. Asingebadilishana na mtu.

Mvua zikarudi mwezi wa tisa. Sebahire alitoka Bukavu na mzigo wa chumvi, akarusha kamba, akapanda njia. Alipokaribia akaona wanawake wawili, mke wake na shangazi, wamechuchumaa kwenye matope, vichwa vimegusana. Ardhi nyeusi ilikuwa imepasuka mstari mzima, na kila penye ufa pametoka majani mawili mawili, madogo kama kucha. Nyuma ya mstari huo, kwenye vijiti vya miyenzi, ncha zilikuwa zimeanza kuvimba.

Kesho yake shangazi alifunga mzigo wake.

"Kaa kidogo," Mukankusi akamwomba. "Ngoja uone yakichanua."

"Niliyaona yalivyochanua." Mukamazimpaka akajitwisha, akaweka fimbo sawa. "Nikikaa mpaka yachanue, nitakaa mpaka yakauke, na mara ya pili sitajua la kusema."

Akashika njia ya Busasamana. Walimsikia kabla hajafika kwenye kona, anamwambia mtu aliyekuwa anashuka na viazi kwamba kule kwa mkwe wake uzio umeota.